Jibu lenu kuhusu USB na Linux lingenifutia daftari la baba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jibu mlilompa msomaji mmoja kwenye safu ya maswali ya kompyuta. Msomaji yule alieleza kwamba kompyuta yake ya Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, inapata intaneti kwa waya, simu yake haina njia nyingine ya kuingia mtandaoni, akauliza kama anaweza kuipitishia simu intaneti kwa kebo ya USB. Mlimjibu kwamba inawezekana, ila sharti kwanza airuti simu, kisha mkampa amri tatu za kuandika. Amri zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na lile neno "kwanza".

Kuruti simu ni kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo wake, mamlaka ambayo mtengenezaji hakukuachia. Kwenye simu nyingi za Android hufiki huko bila kufungua butiloda, ile programu ndogo inayoamka kabla ya mfumo wenyewe na kuamua ni mfumo gani uruhusiwe kuwaka. Butiloda ikifunguliwa, simu hufuta kila kilicho cha mwenye simu: picha, ujumbe, maandishi, vyote. Wala si hitilafu. Imewekwa hivyo makusudi, ili mtu aliyeiba simu asifungue butiloda na kujisomea siri za mwenziwe. Jibu lenu halikulitaja hilo hata kwa mstari mmoja. Ikiwa msomaji wenu ana simu ya kujaribia mambo, hana cha kupoteza. Lakini aliandika kwamba simu ile haina njia nyingine, na mtu mwenye simu ya namna hiyo aghalabu anahangaika kutoa kitu kilichomo ndani. Najua, kwa sababu nami nilihangaika hivyo hivyo.

Mimi ni mpiga chapa. Nachapa na kupanga kurasa za vitabu vya watu, na kwa miaka tisa sasa kazi yote naifanya kwenye kompyuta ya mezani yenye Debian, mojawapo ya aina za Linux. Haina kadi ya Wi-Fi. Intaneti inaingia kwa waya wa Etheneti uliochomekwa nyuma ya sanduku, na sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Marehemu baba alikuwa fundi saa. Miaka yake ya mwisho, mkono ulipoanza kumtetemeka kiasi cha kushindwa kuandika kwa kalamu, nilimwekea programu ya daftari kwenye simu, naye akaipenda kuliko nilivyotegemea. Kila saa iliyopita mezani pake aliifungulia ukurasa: ilikuja na ugonjwa gani, alibadilisha nini, alishindwa nini. Na katika nyingi alirekodi sauti. Anaiweka simu karibu na saa, anarekodi mlio wake kabla ya kuigusa, halafu anarekodi tena baada ya kuimaliza. Kurasa 311, nyingi zikiwa na sauti mbili mbili.

Simu hiyo ilianguka sakafuni wiki chache kabla ya yeye kutuacha. Kioo kilipasuka kona lakini kinaitika kidole. Chaji inaingia. Wi-Fi ukiiwasha inajizima. Bluetooth nayo imekufa, jambo lisilo la ajabu, kwa kuwa kwenye simu nyingi hizo mbili hukaa katika chipu moja. Laini haisomi kabisa. Kwa hiyo simu nzima ilibaki na tundu moja tu la kuongea na dunia, lile la USB.

Mtu atauliza kwa nini sikunakili mafaili kwa kebo nikamaliza. Picha nilizinakili. Lakini kwenye Android kila programu ina chumba chake cha ndani, na kebo ya kunakilia mafaili haikufikishi humo. Programu ile ya daftari ilikuwa na njia moja tu ya kuyatoa yote kwa pamoja, kuyapeleka kwenye akaunti yake mtandaoni. Nilianza kuzipiga picha kurasa moja moja kwenye kioo. Nilipofika ya arobaini niliacha. Mlio wa saa haupigwi picha.

Basi nikaanza kutafuta namna ya kuipa simu intaneti ya kompyuta, na nataka nieleze nilichopitia, maana ndimo limo kosa la jibu lenu.

Jioni mbili za kwanza zilikwenda na kebo. Kebo ya kawaida ya USB, ile ya zamani, ina nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Ziko kebo zilizotengenezwa kwa kuchaji tu, ambazo nyaya za data hazimo. Ukizitazama kwa nje hazina tofauti yoyote. Simu inaonyesha inachaji, nawe unaamini imeunganishwa, kumbe kompyuta haijui kama kuna kitu kimechomekwa. Njia ya kuhakikisha ni kufungua dirisha la amri, kuandika "journalctl -k -f", kisha kuchomeka simu huku ukitazama. Kwa kebo ya kwanza hakikuja kitu. Kwa kebo ya pili papo hapo ukatokea mstari unaosema kuna kifaa kipya cha USB chenye kasi ya juu. Ningeshauri kila anayeanza shughuli hii aanzie hapo, kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Kisha nikawasha kwenye simu ule mpangilio wa kusambaza mtandao kwa USB, nikidhani kebo ni kebo, maji yatatiririka upande wowote wenye mteremko. Kompyuta ikaona kadi mpya ya mtandao na ikapewa anwani inayoanza na 192.168.42. Nikafurahi. Nikaiambia Linux iruhusu kupitisha pakiti, vile vipande vidogo ambavyo data husafiri kwavyo, kutoka kadi moja kwenda nyingine, kwa kuigeuza ile sifuri iliyomo katika /proc/sys/net/ipv4/ip_forward kuwa moja. Kwa iptables, chombo cha Linux cha kupangia kanuni za pakiti, nikaongeza kanuni inayoitwa MASQUERADE, ile inayobadilisha anwani ya mtumaji. Anwani kama 192.168 au 10 ni za ndani tu, intaneti ya nje haizitambui. Kompyuta huifuta anwani ya simu kwenye bahasha, ikaandika ya kwake, ikakumbuka nani aliomba nini, na jibu likirudi ikalikabidhi kwa mwenyewe. Ndivyo inavyofanya ruta yoyote ya nyumbani.

Kila kitu upande wa kompyuta kilikuwa sawasawa. Simu ikabaki kimya. Nikaifungua orodha ya kanuni zile pamoja na hesabu zake, na kwenye safu ya pakiti mbele ya MASQUERADE palikuwa na sifuri. Nikagusa kivinjari cha simu, nikarudi kutazama: sifuri. Kompyuta ilikuwa imesimama mlangoni, imefungua, inamsubiri mgeni ambaye hajatoka kwake.

Ilinichukua muda kuelewa, na nikielewa nikaona ni jambo jepesi. Ukiwasha kusambaza mtandao kwa USB, simu ndiyo inayogawa anwani. Inajihesabu yenyewe kuwa lango. Haimwombi mtu anwani wala haitafuti njia ya kutokea upande wa kebo, kwa sababu kwa hesabu zake upande ule yuko mteja wake. Mteja hawezi kuwa mlango. Ili kuigeuza lazima uandike njia mpya ndani ya simu, uiambie: ya nje yote yapitishe kwa kompyuta. Na amri hiyo ya kuandika njia mpya ndiyo mfumo wa simu hauikubali ila kwa aliyeruti.

Hapo ndipo jibu lenu linapoanzia, na hapo nami nilifika. Niliwasha swichi ya kuruhusu kufunguliwa kwa butiloda. Niliizima simu nikaiwasha kwa vitufe viwili pamoja, nikaingia kwenye ile skrini nyeusi. Nikatuma amri kutoka kwenye kompyuta. Simu ikaniuliza kama nina hakika, niteue kwa kitufe cha sauti na nithibitishe kwa kitufe cha kuwasha. Chini ya swali palikuwa na mistari midogo, na kwa sababu ya ufa wa kioo ilinibidi niiname niisome. Ilisema data zote za binafsi zitafutwa. Niliisoma mara mbili. Nikachagua hapana, nikazima simu, nikaenda kukaa nje.

Naomba mlifikirie hilo, Mhariri. Maelekezo niliyokuwa nikiyafuata yalikuwa kama yenu, ya kweli kwa kila amri, na onyo pekee nililolipata lilitoka kwenye simu yenyewe, kwa herufi ndogo, hatua moja kabla ya mwisho. Ufa ule ungepita juu kidogo ya mistari hiyo, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Njia isiyohitaji kuruti ipo. Ipo tangu 2017. Inaitwa gnirehtet, jina ambalo ni neno la Kiingereza "tethering" likisomwa kutoka nyuma kwenda mbele, na aliyeiandika ni Romain Vimont alipokuwa kampuni ya Genymobile. Ni programu huria na ya bure. Inahitaji Android 5.0 au ya baadaye.

Werevu wake uko hapa. Android inamruhusu mtu yeyote, bila kuruti, aweke programu ya VPN, ile inayopitisha mtandao wote wa simu kwenye seva moja ya mbali. Programu ya VPN ikishakubaliwa, mfumo huikabidhi pakiti zote za simu. Basi gnirehtet inajitambulisha kwa simu kuwa ni VPN, inazipokea pakiti, lakini badala ya kuzipeleka kwenye seva ya mbali inazishusha kwenye kebo ya USB kupitia adb, chombo ambacho wasanidi programu hukitumia kuongea na simu. Upande wa pili, kwenye Linux, kuna programu nyingine inayozipokea na kufungua miunganisho ya kawaida kabisa, kama kivinjari chako kinavyofungua. Huhitaji kuruti simu. Huhitaji hata kuwa msimamizi wa kompyuta wakati wa kuiendesha. Zile kanuni zangu za iptables nilizifuta na ile moja nikairudisha kuwa sifuri.

Hatua zake nitazisema kwa ufupi, maana naona mtazihitaji. Kwenye simu unaingia sehemu ya "Kuhusu simu", unagusa nambari ya muundo mara saba hadi ikuambie umekuwa msanidi programu. Kwenye chaguo za wasanidi unawasha utatuzi wa USB. Kwenye Debian unaweka adb kwa "sudo apt install adb", kisha unaandika "adb devices". Mara ya kwanza simu yangu ilitokea na neno "unauthorized", nikadhani imeharibika. Kumbe kwenye kioo cha simu lilikuwa limefunguka dirisha linaloniuliza kama naiamini kompyuta hii. Nikakubali, nikaandika tena, safari hii neno likawa "device". Baada ya hapo unapakua gnirehtet kwenye ukurasa wa mwandishi wake mwenyewe, si kwingine, kwa sababu programu inayopewa pakiti zote za simu haiokotwi mahali popote. Unafungua kifurushi, unaingia kwenye folda yake, unaandika "./gnirehtet run". Simu inakuuliza kama unairuhusu VPN. Ukikubali, juu ya skrini hutokea alama ndogo ya ufunguo.

Nilipouona ufunguo ule nikafungua kivinjari cha simu, na kila ukurasa ukanikatalia kwamba si salama. Nilihangaika karibu saa nzima na mipangilio ya DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Jibu lilikuwa limeandikwa juu ya skrini muda wote: betri ilikuwa imeisha kabisa kwa miezi, na simu ilipowaka iliamka na tarehe ya miaka mingi nyuma. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa simu iliyo miaka nyuma vyeti vyote vya leo ni vya siku zisizofika. Niliirekebisha tarehe kwa mkono na kurasa zikafunguka. Baba angeiona saa ile kabla ya kitu kingine chochote.

Daftari bado liligoma. Lilikuwa limewekwa lipakie kwa Wi-Fi pekee, na mimi ndiye niliyeliweka hivyo, ili lisimle mzee gharama za mtandao. Nikaiondoa alama hiyo. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza kimshale kikaanza kuzunguka, kikageuka kuwa tiki. Halafu wa pili. Nilikaa nikizihesabu hadi 311, ilifika usiku wa manane. Zilipokwisha nilifungua akaunti ile kwenye kompyuta na kubonyeza sauti ya ukurasa mmoja wa katikati. Saa ya ukutani, mlio wa kwanza unachechemea, mguu mmoja mzito, mwingine mwepesi. Mlio wa pili uko sawa. Na kabla rekodi haijakatika baba anasikika akisema polepole, "Haya, nenda."

Sasa, nisije nikafanya kosa lile lile la kusifu njia na kuficha mashimo yake. Gnirehtet inapitisha TCP na UDP, namna mbili za kawaida za kusafirisha data, kwa IPv4 tu, ule mtindo wa zamani wa anwani; IPv6, mtindo mpya, haimo, na ukijaribu "ping", amri ya kupima kama upande wa pili unaitika, haitajibu hata kama kila kitu kinafanya kazi, kwa hiyo isikuvunje moyo. Ziko programu za simu zinazouliza mfumo kama kuna Wi-Fi au data ya laini, na zisipoona hata kimoja hukataa kwenda mtandaoni ingawa njia ipo. Mwandishi wake ameeleza wazi kwamba haiendelezi tena kwa bidii, anarekebisha makubwa tu. Jambo la umeme nalo litazamwe: tundu la USB 2.0 limewekewa miliampia 500, na simu yenye betri iliyochoka inaweza kuisha polepole ikiwa imechomekwa. Mimi nilihamia kwenye tundu la USB 3.0 nyuma ya sanduku, linalotoa hadi 900. Na kazi ikiisha, uzime utatuzi wa USB na ufute ruhusa ulizozipa kompyuta. Mlango ule ukiachwa wazi, kompyuta uliyoiruhusu itaendelea kuwa na uwezo wa kuweka programu kwenye simu yako.

Kwa mwenye simu nzima inayokubali vifaa vya USB ipo njia safi zaidi ambayo jibu lenu pia liliiruka. Unachomeka adapta ya USB ya Etheneti kwenye simu, unaiunganisha na kadi ya pili ya Etheneti ya kompyuta kwa waya wa mtandao, na kwenye mipangilio ya NetworkManager, programu ya Linux ya kupangia mitandao, unaichagulia kadi hiyo, upande wa IPv4, kushirikishwa na kompyuta nyingine. Linux itajipa 10.42.0.1, itagawa anwani, itabadilisha bahasha, yote yenyewe. Hapa simu ni mteja tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna cha kugeuza. Huhitaji utatuzi wala VPN. Mimi sikuwa na adapta wala kadi ya pili, lakini huenda msomaji wenu anavyo, na angestahili kuambiwa hilo kabla ya kuambiwa aruti.

Kwa watengenezaji wa simu nina ombi moja, kama wanasoma kurasa hizi. Android iliweka swichi ya kusambaza mtandao kwa USB katika toleo la 2.2, mwaka 2010. Simu inatoa kwa mguso mmoja. Kupokea, kwa kebo ile ile, ni mpaka mtu apite niliyopita mimi. Kiini cha simu hiyo ni Linux, kiini cha kompyuta yangu ni Linux, na vyote viwili vina kila chombo kinachotakiwa kwa pande zote mbili. Inakosekana swichi ya pili chini ya ile ya kwanza. Simu zinaanguka, redio zake za Wi-Fi na laini zinakufa kabla ya kioo na kabla ya tundu la kebo, na watu wanabaki na vitu vyao ndani.

Kwenu ombi langu ni kwamba sahihisho litoke kwenye safu ile ile, mahali pale pale, kwa sababu yule msomaji hatalitafuta kwenye ukurasa wa barua. Aambiwe kwamba kufungua butiloda kutaifuta simu yake. Aambiwe njia nyingine zipo. Na ikiwa ameshafika kwenye skrini nyeusi yenye swali, achague hapana kwanza.

Mpiga chapa, msomaji wenu wa siku nyingi